Sikukamatwa na Chang'aa, Jamani

Naanza kwa kukanusha. Sikukamatwa na chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Yule rafiki yangu wa Roysambu aliyewatumia ujumbe wa sauti kwenye kila grupu alikuwa kitandani mambo haya yakitokea. Alichokijua alikisikia kwangu, tena nikiwa karibu kulia, na bado akaongeza mbwa wa polisi. Hakukuwa na mbwa.

Wenzangu wa Subaru Forester za turbo mnaujua ugonjwa huu. Nilitaka kuongeza shinikizo la turbo bila injini kunoki (mafuta kulipuka ndani yake kabla ya wakati), basi nikafunga mtambo wa kupulizia maji na methanoli, nusu kwa nusu. Turbo ikibana hewa ya kuingia kwenye injini, hewa hupata joto. Ule ukungu ukiingia unageuka mvuke na kuipoza. Tangi la lita 5 nikaliweka kwenye buti, pampu kando yake, mgongoni kabisa mwa kiti cha nyuma. Vyote nilinunua vizuri. Nilichobania pesa ni kifaa cha kukatia mpira wa kupitishia mchanganyiko huo kutoka kwenye pampu hadi kwenye injini. Fundi wa Kirinyaga Road alinionya kwamba mpira ule ukikatwa mshazari haukai kwenye kiungo. Nikaukata kwa kisu cha sukuma wiki. Nikausukuma, ukaingia, nikajipongeza.

Jumapili nikamchukua Shangazi kule Githurai nimpeleke kanisani mjini. Huniita "baba" kwa kuwa nina jina la babake, na hukaa nyuma kama mheshimiwa: kitambaa cheupe kichwani, Biblia mapajani.

Kabla ya Roysambu matatu ikanichomekea. (Nyinyi wa "ungeiacha tu ipite", nawaona. Mngeiacha?) Nikakanyaga. Mshale wa turbo ukapanda. Pampu nilikuwa nimeipanga iamke shinikizo la turbo likifika psi 8. Mshale ukafika 8.

Twap!

Kimya, kama pumzi moja hivi. Halafu fsssss.

"Baba, umeacha dirisha wazi? Mvua inaingia."

Mvua gani, na jua la saa nne lile? Nikaangalia kioo. Kutoka nyuma ya kiti chake mkondo mwembamba ulikuwa umesimama wima, unapiga paa, unajikunja, kisha unateremka bila haraka yoyote juu ya kitambaa cheupe. Shangazi akajifuta shavu. Akanusa kidole.

"Baba. Hii ni pombe?"

Hapo mtu mwenye akili angeinua mguu. Mimi nikawaza: nitoke barabarani upesi! Nikakanyaga zaidi. Sasa, pampu hufuata turbo, na turbo hufuata mguu wangu, kwa hiyo kadiri nilivyokimbia kumwokoa ndivyo nilivyomwogesha. Injini nayo, imekosa maji yake, ikaanza kugonga kama kokoto ndani ya debe. Shangazi akashika wimbo wa kitabu. Mguu wangu ulikuja kukumbuka kuinuka tukiwa ubeti wa pili.

Nikasimama kando, milango yote wazi. Methanoli ni sumu, hupenya hata kwenye ngozi, basi nikamshusha na kummiminia kichwani maji yote ya kunywa tuliyobeba. Hebu itazameni picha hiyo kutoka kwenye matatu inayopita. Mwendesha bodaboda akasimama kujionea, sigara mdomoni. Nikapiga ukelele hadi sigara ikamwanguka akiwa bado mbali, Mungu ni mwema. Moto wa methanoli mchana hauonekani. Ungeungua huku ukitafuta kinachokuunguza.

Ukelele ndio uliomleta afande. Akanusa gari. Akamnusa Shangazi. Akafika kwenye buti, akasoma mtungi wa akiba: METHANOL. Katika nchi ambayo Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu kwa makumi, Embu, Kiambu na kwingineko, hilo si neno la kukutwa nalo.

Nikajitetea vibaya. Nilianzia kwa ndege za kivita za Wajerumani, zilizopuliziwa mchanganyiko huu huu kwa jina la MW 50. Nilipoona uso wake nikakimbilia Oldsmobile Jetfire ya 1962, gari la kawaida la dukani kule Marekani, lenye tangi lake la maji na methanoli.

"Kwa hiyo," afande akasema taratibu, "mlevi ni gari?"

"Ndiyo, afande."

Shangazi, bado anachuruzika, akaingilia kati. "Mwanangu, huyu simjui kwa ubaya. Ni ujinga tu, tangu utotoni."

Huo ndio utetezi ulionifanya niachiliwe. Ibada ilitupita, leso nilinunua, mpira umekatwa upya na fundi, na kisu kimerudi jikoni bila mke wangu kuambiwa (kwa hivyo tafadhali, grupu la familia liacheni).

Jana Shangazi kanipigia. Jumamosi ana safari ya Murang'a. Nikamwambia nitakuja kumchukua asubuhi na mapema.

"La, baba. Tuma nauli."