Sungura Wake, Sukuma Yako

Kwani sukuma wiki ikipandwa Nairobi inakuwa ya ploti nzima? Kuku atadonoa, sawa, kuku tumemzoea. Lakini huyu sungura wa jirani! Kibanda chake mbao zimeoza, ametoka, na ukimuuliza mwenyewe anasema, "Huyo si wangu." Si wako, na jioni unamwita kwa jina?

Halafu watu wanasingizia viwavi. Kiwavi hutoboa jani. Konokono huacha ute. Sungura hukata shina kwa mshazari, safi kabisa, kisha anakuachia risiti: vinyesi vikavu vya mviringo.

Washauri nao hawakosi. Eti mwaga nywele za kinyozi, harufu ya binadamu itamtisha. Sungura aliyelelewa katikati ya redio na watoto wa ploti? Maji ya pilipili ni afadhali, ila mvua moja ya Aprili na yameisha, unaanza tena. Naftalini, vile vidonge vya kuweka kwenye nguo, usiguse, ni sumu, na hapo unapanda chakula.

Kinachomweza ni wavu wa kuku, na hapo nako watu wanaharibu. Wananunua wa matundu ya inchi 2 kwa sababu ni wa bei nafuu, kitoto cha sungura kinapita bila hata kubana masikio. Chukua wa inchi 1. Juu ya ardhi futi 3 zinatosha. Lakini mwenzangu atapandisha futi 6 utadhani anazuia wezi, na chini ameuacha unaning'inia! Huyu haruki ukuta, huyu anachimba. Chimba mtaro wa inchi 6, shusha wavu ndani, kisha kunja futi 1 nzima ielekee nje, ilale kama herufi L, ufukie. Sungura huanza kuchimba pale pale ua ulipo, anagonga wavu. Akili ya kurudi nyuma kidogo aanzie mbali hana, tushukuru.

Walio Ruai na Embakasi mna kazi ya ziada. Ule udongo mweusi ukikauka unapasuka, nguzo zinalegea, wavu unaachana na ardhi. Kila kiangazi zunguka ua, jaza nyufa, kaza waya. Na geti! Ua mzima umefukiwa vizuri, chini ya geti pengo la inchi 3. Laza ubao hapo.

Mnaopanda sukuma kwenye magunia msicheke. Sungura husimama kwa miguu ya nyuma, kwa hiyo miche ya matundu ya chini ni yake. Anzeni kutoboa futi 2 kutoka chini.

Lakini madharau yenyewe ni haya: jirani anakinga mkojo wa sungura huyo huyo, anautia kwenye jerikeni, anakuuzia kama mbolea ya kupulizia majani. Na utanunua, kwa sababu mkojo huo kweli unafanya kazi. Basi angalau uzimue, lita 1 kwa lita 10 za maji. Ukiupiga mtupu unaunguza hata yale majani machache aliyokubakishia.