"Tulinakili Tu" na Ndoo Kumi na Nne za Dagaa

Wiki iliyopita niliitwa mwaloni Kibirizi saa mbili asubuhi nikaamue ugomvi ambao, kwa haki, ulipaswa kumalizwa kwenye repo, yaani ghala la msimbo wa programu, na wala usifike mchangani. Mama mmoja mkaushaji wa dagaa alikuwa akidaiwa ndoo 14 alizokwisha kuzilipia, na karani aliyemdai alikuwa na simu mkononi, akimwonyesha katika programu tuliyoiandika sisi wenyewe kwamba Jumatano alichukua mzigo na hakutoa hata shilingi. Mama alifungua daftari lake la mistari, lenye jalada lililolowa mafuta ya samaki, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: usiku wa kuamkia Jumatano, ndoo 14, zimelipwa. Kisha akanigeukia mimi, si karani.

"Mwanangu, hiyo mashine yenu kwake kunakucha saa ngapi?"

Hakujua kwamba amegusa penyewe. Mtumbwi uliomletea zile ndoo ulitoka Jumanne jioni na kushusha mzigo saa tisa na robo usiku. Seva yetu huhesabu muda kwa UTC, saa rasmi ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwake yeye tarehe hubadilika inapotimu saa tisa usiku ya hapa Kigoma. Mtumbwi ulioshusha saa tisa kasoro dakika kumi uliandikiwa Jumanne, na mwenzake aliyechelewa kwa dakika 25 akaandikiwa Jumatano, ingawa yote miwili ilivua usiku mmoja na kurudi gati moja. Programu yetu ina repo mbili, ya wavuvi na ya wakaushaji. Kasoro hiyo tuliirekebisha mwezi wa tatu katika repo ya wavuvi, kwa kanuni ambayo mvuvi yeyote angetuambia bure kama tungemuuliza mapema: mzigo unaoshushwa kabla ya saa sita mchana ni wa safari iliyoanza jana yake jioni. Katika repo ya wakaushaji haikurekebishwa, kwa sababu mafaili matatu yanayohesabu siku na vipimo yalinakiliwa huko mwaka jana, kisha yakaachwa yajitafutie riziki kama kuku wa kienyeji.

Malipo ya mama yakaingia Jumanne kutoka upande wa wavuvi, mzigo wake ukaingia Jumatano upande wa wakaushaji, na katikati yake likazaliwa deni.

Jioni ileile nilipeleka ombi la kuunganisha marekebisho. Msimamizi wa repo ya wakaushaji alilifunga baada ya dakika 20 kwa sentensi moja: "Kwetu inafanya kazi, na huo msimbo tulinakili tu."

Tu! Neno hilo dogo ndilo lililonikosesha usingizi, kwa maana anayelitumia anadhani kunakili ni tendo linalokwisha siku ya kunakili. Kumbe siku hiyo ndipo linapoanza. Kuanzia hapo kila marekebisho upande mmoja yanahitaji mtu wa kukumbuka kwamba kuna upande wa pili, na mtu huyo hana jina wala zamu, na mara nyingi alikwisha kuhama mradi. Nilipolinganisha mafaili yale ya ndugu wawili nilikuta mistari 412 iliyotofautiana, na kati ya hiyo mistari yenye maana ilikuwa sita. Iliyobaki ni mmoja wetu kupenda kusogeza mistari kwa kitufe cha Tab na mwingine kwa kitufe cha nafasi, mmoja kuipa shughuli (function) jina la Kiswahili na mwingine kulibadilisha kwa kuwa eti halionekani la kitaalamu, na mmoja kupanga upya mafungu kwa sababu siku hiyo umeme ulikuwapo na kazi haikuwapo. Kiraka changu cha mistari sita, yaani marekebisho yaliyofungashwa ili yabandikwe upande wa pili, kiligoma kubandika. Ikanibidi nirekebishe kwa mkono, mstari kwa mstari, kosa ambalo nilikwisha kulirekebisha, na hakuna kazi inayochosha kuliko kuua nyoka yuleyule mara mbili.

Wala tusijifanye kwamba hili ni balaa la wadogo waliokaa mwisho wa reli. Mwaka 2002 iligunduliwa kasoro ya usalama katika zlib, maktaba ya kubana data, na toleo 1.1.4 likaitibu. Lakini programu nyingi zilikuwa zimebeba nakala zao za zlib ndani ya misimbo yao, hata kiini (kernel) cha mfumo wa Linux kilikuwa na yake, kwa hiyo kurekebisha maktaba peke yake hakukutosha: ilibidi nakala zisakwe moja baada ya nyingine. Nao walikuwa wamenakili tu.

Ninachokitaka mimi ni jambo moja, nami nitalidai hadi nichokwe: msimbo wa pamoja uwe na nyumbani kwake pamoja, na pajulikane. Watazame wanaotunza libbpf, maktaba ya kuendeshea programu ndogo za BPF ndani ya kiini cha Linux. Nyumbani kwa maktaba hiyo ni ndani ya msimbo wa kiini cha Linux, na repo yake iliyoko kwenye tovuti ya GitHub ni kioo cha hapo, yaani nakala inayofuata asili. Mwenye marekebisho ya msimbo wenyewe huelekezwa ayapeleke kwa watu wa kiini, hata kama aliikuta kasoro akiwa kwenye kioo. Kisha kuna skripti inayovusha mabadiliko, na faili dogo linaloweka alama ya komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya mwisho iliyovushwa, ili safari inayofuata ianzie hapo hapo, na mwishoni skripti hulinganisha pande mbili ione kama kuna kilichopishana. Hakuna anayetegemea kumbukumbu ya mtu. Faili lenye alama moja ya komiti! Sisi tulishindwa kuweka hata hilo, ilhali mama wa Kibirizi huchora mstari mwekundu kila anapofunga hesabu.

Kama njia iwe sabumoduli au sabutrii, namna mbili za Git za kuweka repo moja ndani ya nyingine, mtanisamehe, sitapigania. Wanaotaka mabadiliko yaende pande zote mbili kwa wakati mmoja nawatakia afya njema.

Nitakiri, na ninakiri kwa shingo upande, kwamba walionakili hawakuwa wavivu. Awali tulikuwa na sabumoduli. Kijana mmoja wa mafunzo alivuta repo, akakuta folda tupu, akadhani tumeifuta kazi, akapoteza siku mbili kabla hajaambiwa kwamba sabumoduli huvutwa kwa amri ya ziada. Baada ya hapo ndipo nakala ilipofanywa, na mimi mwenyewe niliidhinisha, nikiwa nimechoka kujibu swali lilelile. Nakiri pia kwamba kuna nakala za makusudi zilizotunzwa vizuri: wanaoandika perf, zana ya kupima utendaji iliyo ndani ya msimbo wa Linux, huweka nakala zao za mafaili ya vichwa (headers) ya kiini, lakini kila zana hiyo inapojengwa kuna skripti inayolinganisha nakala na asili na kutoa onyo zikipishana, ili mtu aangalie kilichobadilika na kuamua. Nakala yenye mlinzi naikubali. Yetu haikuwa na hata mbwa wa kubweka.

Kwa hiyo Jumamosi nimeandika skripti ya mistari 30 inayolinganisha yale mafaili matatu kila usiku, nikaiweka katika repo ya wavuvi, ambako sihitaji kibali cha mtu. Imewaka nyekundu tangu siku hiyo. Ombi nimelifungua upya, safari hii nikiambatanisha picha ya ule ukurasa wa daftari, kwa idhini ya mwenyewe, na deni la ndoo 14 karani ameahidi kulifuta kwa mkono. Bado halijafutwa. Giza la usiku usio na mwezi limeanza tena juzi, mitumbwi imerudi ziwani na taa zake, na nimemwomba mama aendelee kuandika kwa kalamu. Amenijibu kwamba hakuwa na mpango wa kuacha.