Nimebadilika bila kufa

Huku Marekani imani ya kuzaliwa upya, yaani kwamba mtu akifa hurudi duniani katika mwili mwingine, imeenea kuliko wanavyodhani walioko nyumbani. Kituo cha utafiti cha Pew kilitoa matokeo yake mwaka 2018: watu wazima 33 katika kila 100 walisema wanaiamini, na humo wamo Wakristo.

Mwenzangu mmoja wa zamu ya usiku ni mmojawapo, na kwake tabia ya mtu ni muhuri ambao roho imekuja nao kutoka maisha yaliyopita. Anaogopa maji. Hakanyagi bwawa la kuogelea, na gari likipita darajani anaung'ang'ania mkanda kwa mikono miwili mpaka tufike ng'ambo. Ukimuuliza, jibu analo: maisha yaliyopita alikufa maji.

Nyumbani angeambiwa jingine. Shangazi angemtazama juu mpaka chini, aseme hofu hiyo ni ya upande wa mama, hata bibi yake alikuwa hivyo hivyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, mjadala umefungwa. Kwetu ukiwa mkali, yupo babu aliyekuwa mkali kabla yako. Ukiwa mpole, watajitokeza wa kuudai upole huo kuwa ni wao. Huku kila mtu anataka awe na historia yake binafsi, hata ya kabla hajazaliwa. (Na karibu wote niliozungumza nao walikuwa wakubwa: malkia, mganga, shujaa wa vita. Wapagazi wa zamani sijui walizaliwa wapi.)

Nimeishi pande zote mbili, na zote mbili hazinishawishi. Nyumbani mimi ndiye msemaji. Shughuli ikikosa mtu wa kushika kipaza sauti, naitwa. Huku msimamizi aliandika kwenye tathmini yangu kwamba nijitahidi kuchangia kwenye vikao. Nilipomsomea dada yangu kwa simu alicheka mpaka akashindwa kuongea. Roho ni ileile, mwili uleule, na damu ya babu haijapungua. Kilichobadilika ni lugha, wanaonisikiliza, na hesabu ninazopiga kabla sijafungua mdomo. Kama tabia ni muhuri wa roho, wa kwangu ulibaki uwanja gani wa ndege?

Hata wanaoamini kwa dhati hawaibebeshi roho mzigo huo. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inasema roho huacha miili iliyochakaa kama mtu anavyovua nguo kuukuu na kuvaa mpya, lakini roho yenyewe haibadiliki. Ukali na uvivu ni vya upande wa maumbile, na mazoea yanayovuka kwenda maisha mengine ni alama zilizoachwa na matendo. Wabudha wamekwenda mbali zaidi: wanakubali kuzaliwa upya huku wakikana kwamba ipo roho ya kudumu. Mwenzangu anachukua nusu ya mafundisho, ile inayomhusu.

Simcheki, maana wapo wasomi waliolichunguza jambo hili kwa uzito. Daktari wa akili Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia alikusanya kwa miaka mingi habari za watoto waliodai kukumbuka maisha mengine. Wengi huanza kusimulia wakiwa na miaka 2 hadi 5, kisha kumbukumbu hufifia. Wapo waliokuwa na hofu iliyolingana na kifo walichokisimulia, ya maji ikiwemo. Wakosoaji wake wanasema visa vingi vimetoka kwenye jamii ambazo tayari zinaamini, ambako mzazi anajua la kumuuliza mtoto. Mimi niko upande wa wakosoaji.

Shangazi naye ana ushahidi, tena mzito. Utafiti wa mapacha ulioanza Minnesota mwaka 1979 ulionyesha kuwa mapacha wa kufanana waliolelewa mbalimbali hulingana sana kitabia. Ila nao hawawi mtu mmoja. Karibu nusu ya tofauti za tabia kati ya watu haielezwi na urithi, na ni katika nusu hiyo mhamiaji anajikuta amekuwa mtu mwingine.

Nilimweleza mwenzangu haya wakati wa mapumziko. Akafikiri kidogo, akasema basi huenda ukimya wangu wa huku ndio uliotoka maisha ya zamani, na ule usemaji wa nyumbani nilikuwa naigiza tu. Nikamwambia kwa mtindo huo hakuna tabia atakayoshindwa kuieleza, na hapo ndipo anaponipoteza.