Namba Nzuri, Miguu Imevimba

Jumapili iliyopita usiku alinipigia simu mama mmoja, Mtanzania mwenzetu hapa Minneapolis, ambaye mumewe alianza miezi mitatu iliyopita kusafisha damu nyumbani kwa njia ya tumbo: figo zikishindwa kazi, maji ya dawa huingizwa tumboni, yakakaa, kisha yakamwagwa pamoja na taka na maji yaliyozidi mwilini. Miguu ya mzee imejaa maji, viatu vyake havimwingii tena, na amekwishalalamika kliniki mara mbili. "Dada, wameniambia namba zake ni nzuri," alisema. Nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu, kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka jana, nikiwa nimetoka tu kubonyeza kidole gumba kwenye muundi wa Mama na shimo limebaki palepale.

Namba inayosifiwa ni Kt/V. Hukusanywa maji yote yanayotoka tumboni kwa saa 24, pamoja na mkojo kama bado upo, kisha hupimwa ni yurea kiasi gani, yaani taka ya damuni ambayo figo ingeitoa, imeondoka. Ikifika 1.7 kwa wiki, mgonjwa huhesabiwa kuwa amesafishwa vya kutosha, na Mama alikuwa na 1.9. Lakini yurea si maji, na mtu anaweza kusafishwa yurea vizuri huku akizama taratibu ndani ya mwili wake mwenyewe. Utafiti uliofanywa Mexico kwa wagonjwa 965 na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kuipandisha namba hiyo kwa kuongeza maji ya dawa hakukuwarefushia wagonjwa maisha, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 ukawataka madaktari wasiitegemee peke yake, bali waangalie pia maji mwilini, lishe, na namna mgonjwa mwenyewe anavyojisikia. Kwa nini basi mguu uliovimba ushindwe kusikilizwa mbele ya namba moja?

Nieleze yaliyompata Mama, kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha. Alikuwa akiunganishwa na mashine saa nne usiku na kuachiliwa saa moja asubuhi, mizunguko minne ya kuingiza na kumwaga lita mbili, kisha mashine inamwachia lita mbili nyingine za kukaa nazo mchana kutwa, saa 15 nzima. Maji hayo ya dawa huvuta maji ya mwili kwa nguvu ya glukosi iliyomo. Ila glukosi haitulii humo. Utando wa tumbo huipitisha kidogo kidogo kuingia kwenye damu, na ikishapungua mvuto hukatika, na maji yaliyokwisha kutoka huanza kurudi mwilini. Wapo watu ambao utando wao hupitisha haraka kuliko wengine, na Mama ni mmoja wao. Kila usiku, kabla ya mzunguko wa kwanza, mashine ilimwaga yale ya mchana na kuandika kwenye kioo chake mililita 1,540, au 1,580, au 1,510. Zilikuwa zimeingia 2,000. Karibu nusu lita ilinywewa na mwili wa mama yangu kila siku, mama ambaye tulikuwa tukimpimia chai kwa kikombe kidogo cha kahawa ili asizidishe maji. Kliniki walisoma maji ya ziada yaliyotolewa mwilini usiku tu, mililita 700 hivi, wakaona yanatosha.

Nilipolalamika tena, tuliambiwa tutumie mfuko mwekundu, wa maji ya dawa makali zaidi. Mfuko mwekundu unavuta kweli, sikatai, na mtu anapojaa maji kwa ghafla unaweza kumsaidia sana. Lakini una glukosi ya asilimia 4.25, karibu mara tatu ya ile iliyo kwenye mfuko wa njano, ulio hafifu, na Mama ana kisukari. Sukari yake ya asubuhi ilipanda, insulini ikaongezwa, hamu ya chakula ikapotea. Na glukosi kali ikitumika kwa muda mrefu huuharibu utando wenyewe, ambao kwa Mama ndio figo aliyobaki nayo. Walibadilisha ukali wa dawa bila kuuliza inakaa tumboni kwa saa ngapi, na hilo ndilo linalonikera hadi leo.

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja aliyekuja kushika zamu ya mwenzake. Aliomba daftari langu la namba za mashine, akasoma kurasa mbili kimya, akauliza, "Yale ya mchana yanatoka kiasi gani?" Hakuna mtu aliyewahi kutuuliza hivyo. Wiki mbili baadaye Mama alifanyiwa kipimo cha utando: lita mbili zikakaa tumboni kwa muda wa saa nne, sampuli za damu na za maji zikalinganishwa. Daktari akaweka mizunguko mitano mifupi usiku badala ya minne, na maji ya mchana akayabadilisha kuwa ya ikodekstrini, dawa inayotumika badala ya glukosi, ambayo chembe zake ni kubwa, hazipenyi upesi, na kwa hiyo mvuto wake hudumu kutwa. Muuguzi yule hakuturuhusu kuondoka kabla ya kuhakiki kipima sukari chetu, kwa kuwa vipo vipimaji vinavyodanganywa na dawa hiyo vikaonyesha sukari iko juu wakati iko chini, na insulini ikichomwa kwa kuamini kipimo hicho inaweza kuua. Jioni ya pili kioo kiliandika 2,310. Nilikisoma mara tatu. Mama akauliza, "Kuna nini, mwanangu?" nikashindwa kumjibu.

Hata maumivu ya saa tisa usiku, mashine inapomaliza kumwaga, yalipungua kwa mpangilio mmoja tu wa kuacha maji kidogo tumboni badala ya kuyakamua yote. "Kunanivuta huku chini kama mtu anayekamua nguo," ndivyo alivyokuwa akisema, na sisi tulidhani ni jambo la kuvumilia.

Nakubali kwamba kliniki zina wagonjwa wengi, na kwamba Kt/V ikishuka ni onyo la kweli. Wala simwambii mtu aguse mashine kwa mikono yake. Maagizo ni ya daktari na yabaki ya daktari. Ila mashine hizi hutuma kumbukumbu za kila usiku kliniki kwa intaneti. Zile 1,540 zilikuwa kwao kama zilivyokuwa kwangu.

Yule mama nilimwambia aanze usiku uleule kuandika uzito, presha, na kiasi kinachotoka kabla ya mzunguko wa kwanza, na mzee akianza kukosa pumzi apige simu ya dharura bila kungoja siku ya kliniki. Jana alinisomea za siku tatu, kwa lita mbili zilizoingia: 1,620, 1,590, 1,600. Alhamisi nitakwenda nao.