Gari la Mbio Halikuundwa Lisimame

Mwaka 1994, Mkenya Ian Duncan aliposhinda Safari Rally kwa Toyota Celica, mimi nilikuwa mtoto wa shule, nimebebwa mabegani na baba kando ya barabara ya vumbi. Kwanza tulisikia helikopta. Kisha mlio wa injini, gari lenyewe bado halijaonekana. Magari yalipotupita yalikuwa yametapakaa tope hadi kwenye vioo, na watu wakapiga kelele kana kwamba ndugu zao wamerudi kutoka safari ndefu. Hapo ndipo nilipopenda magari. Nadhani ndiyo sababu leo, nikiishi Uingereza, maonyesho mengi ya magari ya kifahari huniacha na kiu.

Sisemi hayana uzuri. Bugatti iliyong'arishwa ikawekwa kwenye nyasi zilizokatwa vizuri ni kitu cha kutazama, na mwenye gari huwa radhi kukueleza kila kitu kuihusu. Lakini kuna kamba, kuna kibao cha kukataza kugusa, na jioni gari linapakiwa kwenye lori lile lile lililolileta. Unarudi nyumbani na picha mia mbili, na hakuna hata moja yenye sauti.

Goodwood ni habari nyingine. Tamasha la mbio la huko West Sussex lilianza mwaka 1993, na hadi leo magari hupandishwa kilima kwa barabara nyembamba ya shamba, karibu kilomita 1.9, pembeni marobota ya majani makavu na ukuta wa mawe. Kwenye maegesho unaweza kusimama hatua mbili kutoka gari la Formula 1 huku mafundi wakilipasha moto maji na oili kwa mashine kabla ya kuliwasha, kwa kuwa injini za namna hiyo haziamki zikiwa baridi. Likiwashwa, unasikia kifuani kabla ya masikioni. Nick Heidfeld alipanda kilima hicho mwaka 1999 kwa McLaren kwa sekunde 41.6, na rekodi yake rasmi ikadumu hadi mwaka 2022, Max Chilton alipoivunja kwa sekunde 39.08. Gari la Chilton, McMurtry Spéirling, linatumia umeme na lina feni zinazolinyonya lishikamane na lami. Waliotarajia ukimya walishangaa, maana feni hizo hupiga yowe.

Kilimani hapo pia niliona McLaren F1 ikipita, gari la barabarani licha ya jina lake, kazi ya mbunifu Gordon Murray, mzaliwa wa Durban. Dereva huketi katikati, na sehemu ya injini imetandikwa dhahabu halisi kukinga joto. Yalitengenezwa 106 tu. Bei yake leo inawafanya wengine wayafungie kama vito, na hilo linaniuma kweli. Murray alifikiria kila gramu ili gari lipinde vizuri kwenye kona. Lisipoiona kona, aliyafikiria yote yale kwa ajili ya nini?

Basi nami nilinunua Mazda MX-5 kuukuu, nikaenda uwanja wa mbio wa Brands Hatch, Kent, kwenye siku ambayo mtu wa kawaida analipa na kuendesha uwanjani. Si mashindano. Asubuhi unaelezwa maana ya bendera, gari linapimwa kelele, unazunguka taratibu kwanza, na humpiti mtu mpaka akuruhusu. Ukifika kona ya Paddock Hill, ardhi inakuporomoka mbele kama umetupwa kwenye bakuli, kisha unapandishwa hadi Druids, kona inayokugeuza nyuma kabisa. Mzunguko wa tano pedali ya breki ikalegea mguuni: mafuta ya breki yalikuwa ya zamani, yamechemka. Nilitoka polepole, mikono ikitetemeka. Siku hiyo nilielewa breki kuliko nilivyozielewa kwa miaka yote ya kusoma majarida.

Mchana, mzee mmoja aliegesha Ferrari F40 kando yangu. Gari hilo la 1987 halina zulia, na mlango wake hufunguliwa kwa kuvuta kamba. Rangi yake ni nyembamba hata unaona mfumo wa nyuzi za kaboni chini yake. Pua yote ilikuwa imechubuliwa na changarawe. Nikamuuliza kama haimsumbui.

"Kila alama nimeipata mwenyewe," akanijibu, kisha akaniambia nikae ndani.

Nilikaa labda dakika mbili, mikono kwenye usukani, harufu ya petroli na matairi ya moto ikinijaa puani. Baadaye alivaa kofia yake, akavuta mlango, akarudi uwanjani. Mimi nilibaki ukutani nikimsikiliza, turbo zikivuma kila alipoondoka Druids, mpaka bendera ya kufunga siku ilipopeperushwa.