Wakala wa Safari wa Hapa Tanga: Nani Amtumie, na kwa Kazi Gani

Tangu mama yangu arejee kutoka India, alikokwenda kutibiwa moyo, ndugu na majirani wa hapa Makorora wamekuwa wakiniuliza kama tiketi ya kwenda nje mtu aikate mwenyewe kwa simu au aende kwa wakala. Kwa mtu mzima wa afya, anayesafiri peke yake kwa shirika moja kwenda na kurudi, na mwenye kadi ya benki inayokubaliwa mtandaoni, sioni sababu ya kumlipa mwingine. Lakini wengi wanaoondoka Tanga hawasafiri hivyo. Wanampeleka mgonjwa, wanawasindikiza wazee Umra, au wanapanda ndege kwa mara ya kwanza, na kabla hata ya kuiona ndege yenyewe wana takriban kilomita 350 za barabara hadi Dar es Salaam. Kwa watu hao mimi nasema waende kwa wakala, tena wakala wa hapa hapa mjini, ambaye ofisi yake wanaijua na mlango wake wanaweza kuugonga.

Nitatoa mfano wa jambo linaloonekana dogo. Tiketi ya mama ilionyesha kuwa ndege inaondoka Jumanne saa 03:40. Sisi tuliosoma saa kwa Kiswahili tangu utotoni tuliielewa kuwa ni Jumanne usiku, na tukaanza kupanga kutoka Tanga siku hiyo asubuhi. Kijana wa ofisi ya wakala kule Ngamiani, baada ya kumwamkia mama, aliikunja ile karatasi akasema, "Mama, hii ni saa tisa na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumanne. Jumatatu asubuhi muwe barabarani, na saa sita usiku muwe mmeshafika uwanjani." Tungefuata hesabu yetu, tungefika uwanjani karibu siku nzima baada ya ndege kuondoka, tukiwa na mgonjwa mkononi. Hakuna programu ya simu ambayo ingetutazama usoni na kutambua kwamba hatujaelewa.

Kijana huyo ndiye pia aliyekataa kutukatia tiketi mbili tofauti, moja hadi mji wa kubadilishia ndege na nyingine kuanzia hapo, ingawa bei yake ilikuwa nafuu. Alitueleza kwamba safari yote ikiwa kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kumtafutia msafiri nafasi nyingine, lakini tiketi zikiwa mbili, hasara ya kuikosa ndege ya pili humwangukia msafiri mwenyewe.

Siandiki haya kwa kuwaamini mawakala wote. Miaka michache kabla ya hapo, kaka yangu alipokuwa akienda Guangzhou kununua bidhaa, alimlipa wakala mwingine fedha taslimu, akapewa karatasi yenye jina lake, tarehe na namba za ndege, pamoja na risiti ya kuandikwa kwa mkono. Alipofika uwanjani akaambiwa kwamba alikuwa ameshikiwa nafasi tu, tiketi haikuwahi kutolewa, na nafasi yenyewe ilishafutwa. Fedha hizo hazikurudi zote, na hadi leo naumia nikikumbuka kwamba sisi sote tuliishika ile karatasi na hatukujua cha kutafuta. Zile herufi na tarakimu, sita kwa jumla, zinazoandikwa kwenye karatasi kama hiyo ni za nafasi, na nafasi inaweza kushikwa bila kulipiwa. Tiketi iliyotolewa ina namba yake ya tarakimu 13, ambazo tatu za mwanzo hutambulisha shirika la ndege. Kabla hujatoka ofisini iombe namba hiyo, ihakiki kwenye tovuti ya shirika au kwa kulipigia simu, kisha udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uulize wazi wakala anajilipa kiasi gani juu ya nauli.

Kuhusu viza, wakala anakusaidia kujaza fomu na kupanga nyaraka, basi. Kwa viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, kwa mfano, alama za vidole unazitoa wewe mwenyewe, na bima ya safari inapaswa kufikia angalau euro 30,000. Uamuzi ni wa ubalozi. Anayekuahidi viza kwa hakika, ondoka ofisini kwake.

Mama anatakiwa kurudi kwa daktari wake mwakani. Wiki iliyopita nilikwenda tena Ngamiani kuuliza nauli, na yule kijana, kabla hajanitajia bei yoyote, alinituma nyumbani nikalete pasipoti zetu zote mbili, ya mama na yangu, aone kama zitabaki na uhai wa miezi sita.