Dorsey alifukuzwa kwa kosa la nani?

Usiku wa Jumatatu, 13 Novemba 2023, Buffalo Bills, timu ya futiboli ya Marekani, walidhani wameponea. Mpigaji wa Denver Broncos, Wil Lutz, alikosa mkwaju wa mwisho. Kumbe Bills walikuwa na watu 12 uwanjani badala ya 11. Mkwaju ukarudiwa, ukapita, mechi ikaisha 24-22. Kesho yake akafukuzwa Ken Dorsey, kocha wa mashambulizi. Kuhesabu watu wa kuzuia mikwaju si kazi yake. Mwenye kazi hiyo alibaki. (Katika futiboli ya Marekani, chini ya kocha mkuu kila idara ina kocha wake.)

Josh Allen, mrushaji mpira na nyota wa timu, hakumtupia Dorsey lawama. Alijibebesha yeye na wenzake: wangecheza vizuri, mtu asingepoteza kazi. Wapo walioona hayo ni maneno ya kamera tu. Mimi namwamini, maana takwimu zinamuunga mkono. Katika mechi 10 za Dorsey, pasi 11 za Allen zilinaswa na wapinzani. Katika mechi 7 za mrithi wake, Joe Brady, zikanaswa 7. Hapo hakuna kilichopona.

Hata hivyo, Sean McDermott, kocha mkuu wa wakati huo aliyemfukuza Dorsey, naye ana watetezi, na hoja yao ni nzito. Timu iliyokuwa imeshinda 5 na kupoteza 5 ilishinda 6 kati ya 7 zilizobaki, ikaongoza kundi lake. Brady alimpunguzia Allen mzigo kwa kukimbiza mpira zaidi. Itazameni mechi dhidi ya Dallas Cowboys mwezi Desemba: Allen alirusha yadi 94 tu, James Cook akakimbia yadi 179, Bills wakashinda 31-10. Chini ya Dorsey, Allen kupata yadi 94 kungekuwa msiba.

Cook alinufaika. Stefon Diggs, mdakaji mkuu, alizidi kufifia: tangu katikati ya Oktoba hakufikisha tena yadi 100 katika mechi yoyote ya msimu. Ila tuseme kweli, ukame huo ulianza Dorsey akiwa bado ofisini, kwa hiyo kumbebesha Brady peke yake ni uonevu. Aprili 2024 Diggs akapelekwa Houston. Msimu uliofuata, bila yeye, Bills walishinda mechi 13 na Allen akatangazwa mchezaji bora wa ligi.

Kwangu mimi, McDermott alipata kocha sahihi. Ila usiku ule wa mechi na Denver haukuwa sababu ya kumfukuza Dorsey, ulikuwa kisingizio.